Mifupa ya bata mzinga imebaki: nataka supu ya tambi za kukanda mwenyewe, nianzeje?

Chungu_Cheusi

Habari zenu wapishi. Niko Minnesota, Marekani. Baada ya sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi kimebaki kiunzi kizima cha bata mzinga wa kilo 6 aliyeokwa, mabawa mawili, shingo, na nyama kama gramu 700, nyingi ikiwa ya kidari. Vyote viliingia friji usiku uleule. Leo Jumamosi nataka kupika supu ya watu sita yenye tambi za mayai za kukanda kwa mkono, siyo za pakiti. Mashine ya tambi sina, ila ubao na mti wa kusukumia chapati ninavyo, na mizani pia.

Shida ninazotaka kuzikwepa ni hizi: supu kuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele na kujaa mafuta, kidari kugeuka nyuzi za kamba, na tambi kunywa supu yote zikilala. Maji kiasi gani, muda gani, na kipi kitangulie?

---

Upawa_Mrefu

Chungu_Cheusi, shida zako zote tatu zinatokana na kupika supu, nyama na tambi pamoja kwenye sufuria moja. Kila kimoja kina moto wake na muda wake. Vitenganishe mpaka dakika ya mwisho, vikutane kwenye bakuli. Mimi nitazungumzia supu, wenzangu wataeleza tambi.

Kwanza chambua nyama yote kwenye mifupa, iweke pembeni, irudi friji. Nyama hii imeshaiva, haina sababu ya kukaa motoni saa tatu. Kisha chungulia ndani ya kiunzi. Kama bata alijazwa mkate tumboni, kwangua wote mpaka chembe ya mwisho, maana mkate unavurugika ndani ya maji na hapo supu safi usiitarajie tena. Vipande vya limau vitoe pia, ganda la limau likichemka muda mrefu linaacha uchungu. Na mfupa wowote ulioungua ukawa mweusi, tupa.

Vunja kiunzi vipande vinne au vitano. Mgongo unakatika kirahisi ukiukunja kwa mikono miwili. Hatua hii watu wanairuka, halafu wanalazimika kujaza maji mengi ili kufunika mifupa iliyosimama kama hema, na supu inatoka nyepesi. Panga vipande kwenye sufuria ya lita 8, tia mabawa na shingo, mimina maji baridi yapite juu ya mifupa kwa upana wa vidole viwili. Kwa ndege wako itakuwa kama lita 4. Mwisho utabaki na karibu lita 3, na bakuli sita za mililita 400 zinahitaji lita 2.4, kwa hiyo una akiba.

Moto wa kati mpaka ianze kutetema, halafu punguza sana. Unachotaka kuona ni viputo vichache vinavyopanda pembeni polepole, siyo sufuria inayotokota. Ikichemka kwa nguvu, mafuta yanapasuliwa kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji na hayapandi tena juu kuenguliwa. Weupe unaoulalamikia unatoka hapo, na ule utando wa mafuta mdomoni pia. Usifunike sufuria kabisa, maana mfuniko unapandisha joto bila wewe kujua. Usikoroge. Engua povu dakika 20 za kwanza. Halitakuwa jingi kwa sababu mifupa imeshaokwa.

Muda ni saa 3. Mboga ziingie saa ya mwisho tu: kitunguu maji kikubwa kimoja kilichokatwa nusu pamoja na ganda lake (ganda linatoa rangi ya dhahabu), karoti 2, mabua 2 ya seleri, punje 10 za pilipili manga. Zikikaa saa zote tatu zinalegea, zinatoa ladha tamu iliyochoka, na zinavunjikavunjika.

Chumvi usitie. Mabata mzinga mengi ya madukani Marekani yamedungwa maji ya chumvi kabla ya kufungwa, na wapishi wengine huyalaza tena kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Chumvi hiyo imo mifupani. Onja mwishoni ndipo uamue.

Chuja kwa chujio lenye kitambaa chepesi. Usikamue mboga kwa mgongo wa upawa ili upate lile tone la mwisho, tone hilo ndilo linaloleta utope.

---

TambiZaNyumbani

Nichukue kipande cha tambi.

Kipimo kinachokaa kichwani: gramu 100 za unga kwa yai moja kubwa. Kwa watu sita chukua gramu 300 za unga wa ngano wa kawaida (kama vikombe viwili na nusu vya Kimarekani), mayai 3, chumvi nusu kijiko cha chai. Ukitaka tambi zenye rangi zaidi na zinazolainika mdomoni, toa yai moja zima uweke viini vitatu badala yake. Angalia pakiti ya unga vizuri: ule uliochanganywa tayari na unga wa kuumulia haufai, tambi zitavimba na kumeguka ndani ya maji.

Fanya kichuguu cha unga, chimba shimo katikati, vunjia mayai humo, vuruga kwa uma ukivuta unga kutoka kando. Mwanzoni utaona chengachenga na utafikiri umekosea. Subiri kabla ya kuongeza maji. Kanda dakika tatu kwanza; kama bado kuna unga mkavu chini, lowesha vidole tu uendelee. Donge la tambi ni gumu kuliko la chapati, na hapa wenye mkono wa chapati ndipo wanapokosea: wanalilainisha mpaka lifanane na walilolizoea, kisha tambi zinashikana na kuyeyuka. Kanda dakika 8 hadi 10 mpaka donge liwe laini kwa kugusa na likibonyezwa linarudi. Funika kwa bakuli, lipumzike dakika 45. Usiifupishe hiyo, kwa sababu donge ambalo halijapumzika linajivuta kila ukilisukuma, na utaishia na tambi nene katikati.

Gawa mara nne. Sukuma donge moja huku mengine yamefunikwa. Unene uwe kama milimita moja na nusu, maana zikiiva zinavimba karibu mara mbili. Ukiinua donge lililosukumwa dirishani uone kivuli cha vidole vyako kwa nyuma, umefika. Nyunyiza unga kidogo juu, likunje kama kitambaa mara tatu, kata kwa kisu kikali upana wa milimita 7. Zifumue hapohapo kwa vidole. Ukiziacha zimekunjwa dakika tano zinagandana na huzifumui tena. Zikate urefu wa kidole, ndefu zinasumbua kwenye kijiko. Tandaza juu ya kitambaa safi nusu saa zikauke juu. Zina yai bichi, kwa hiyo zisikae mezani mchana kutwa: kama hupiki leo, friji siku moja, au friza.

Kabla ya kupika zipepete kwa mikono unga wa ziada uanguke. Unga huo ukiingia kwenye supu inakuwa uji.

Chemsha maji lita 4 kwenye sufuria nyingine, chumvi vijiko viwili vya chai vilivyojaa, maji yatokote kwelikweli. Tia tambi, koroga mara moja zisilale chini. Dakika 3 onja. Kama katikati bado kuna mstari wa unga mweupe, ongeza dakika moja. Mwaga maji, zisuuze haraka kwa maji baridi, zichanganye na kijiko kidogo cha mafuta ya bata. Najua wanaopika tambi za mchuzi mzito hawasuuzi, kwa sababu wanga wa juu unashika mchuzi. Kwenye supu wanga huo hauna kazi, unachafua tu.

---

Sufuria_Nzito

Nakubaliana na mengi, ila kusema tambi zisiguse supu kabisa mpaka kwenye bakuli, hapo napinga kidogo. Kule majimbo ya katikati ya Marekani, na kwa Waamishi (jamii ya Kikristo inayoshika maisha ya kizamani) wa Pennsylvania na Ohio, tambi nene za mayai hupikwa ndani ya supu yenyewe makusudi, pamoja na unga wake, ili supu iwe nzito karibu kama rojo. Ni chakula kamili, wengine huimimina juu ya viazi vya kuponda. Ukitaka namna hiyo, sukuma unene wa milimita 3, pika kwenye supu inayochemka polepole dakika 10 hadi 12, na uwe na supu ya akiba nusu lita ya kuongeza.

Lakini chakula hicho kinaliwa siku hiyohiyo. Ukitaka supu nyepesi, na ubakize ya kesho, fuata waliotangulia.

---

Chungu_Cheusi

Nashukuruni sana. Supu nimeichuja jana jioni, lita 3 kasoro kidogo. Nimeifungua friji asubuhi hii nikakuta imeganda yote inatikisika kama jeli, na juu kuna tabaka la mafuta ya njano. Je, hii ni sawa? Halafu nimeonja kidogo nikiwa nimeipasha, chumvi imezidi ingawa sikutia hata punje. Nimesoma mahali kwamba kiazi kibichi kinanyonya chumvi.

---

Upawa_Mrefu

Kuganda ndiko tulikokutaka. Viungo, ngozi na gegedu za mabawa na shingo zimetoa jelatini. Ikipashwa inarudi kuwa maji, na hiyo ndiyo inayoipa supu uzito mdomoni bila unga. Ambaye yake haikuganda hajaharibu kitu, alitia maji mengi mno tu. Aichemshe bila mfuniko mpaka ipungue robo, na safari nyingine aongeze miguu ya kuku minne au mitano.

Mafuta yaliyoganda juu yaondoe kwa kijiko sasa hivi yakiwa baridi. Usiyatupe yote. Acha vijiko viwili vikubwa vya kukaangia mboga.

Kuhusu kiazi: hakitoi chumvi. Kinanyonya supu, maji na chumvi vikiwa pamoja, na kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Dawa ya chumvi iliyozidi ni maji. Ongeza maji matupu kikombe kimoja kimoja ukionja. Kwa kuwa supu yako imeganda vizuri, inaweza kubeba nusu lita bila kupoteza nguvu. Na maji ya kuchemshia tambi usiyatie chumvi safari hii, tambi zitaichukua kutoka kwenye bakuli.

Sasa kuunganisha. Katakata kitunguu kimoja, karoti 3 na mabua 3 ya seleri vipande vidogo vinavyoingia kwenye kijiko. Mboga zilizochemshwa na mifupa zilishatoa kila zilichokuwa nacho, usizirudishe. Kaanga hizi mpya kwenye yale mafuta, moto mdogo, dakika 8, zilainike bila kugeuka kahawia. Mimina lita 2.5 za supu, ichemke polepole dakika 10 karoti ziive.

Nyama ndiyo ya mwisho kabisa. Ya mapaja ina mafuta na inastahimili, itie dakika 5 kabla. Kidari ni tofauti. Nyuzi zake ni ndefu na zimeshakauka kwenye oveni, ukizichemsha zinakaza na kutoa maji yaliyobaki. Kikate kwa kukingama na nyuzi, vipande vya sentimita moja na nusu, siyo kuchana kwa vidole. Hapo kila kipande kina nyuzi fupi, na mdomoni kinahisi laini hata kikiwa kikavu kidogo. Kitoe friji, kitie kwenye supu inayochemka, izime baada ya dakika 2, funika dakika 5. Kama una kipimajoto, nyama ifike nyuzi 74 za Selsiasi, hicho ndicho kipimo cha kupashia viporo. Gramu 500 zinatosha lita 2.5. Gramu 200 zilizobaki gandisha.

---

Bizari_Nyembamba

Assalaam aleikum. Wamemaliza ufundi, mimi naongeza ladha tu, kwa sababu supu kama walivyoieleza ni ya Kimarekani halisi na ulimi wa pwani utaiona imepooza.

Usitie bizari kwenye mifupa saa tatu. Harufu yake inapotea yote jikoni. Subiri pale unapokaanga kitunguu: kikishalainika tia vitunguu saumu 3 na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, vyote vimetwangwa, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai na pilipili manga nusu kijiko cha chai, geuza nusu dakika tu mpaka harufu ipande, kisha supu. Manjano ncha ya kisu ukipenda rangi, isizidi, inaleta ladha ya udongo. Lakini kwanza onja supu tupu: kama bata alipakwa rosemari na majani mengine makavu kabla ya kuokwa, ladha hizo zimo tayari na zinagombana na bizari. Hapo baki na tangawizi, saumu na pilipili mbuzi moja nzima inayoelea bila kupasuka.

Ndimu ni mezani, kila mtu na kipande chake. Ukiikamulia sufuriani ikiwa motoni, ile harufu safi inapotea na unabaki na ukali peke yake. Kotmiri iliyokatwa juu ya bakuli.

Wenye kupenda tui: kikombe kimoja cha tui zito kwa lita 2.5, liingie moto ukiwa umeshapunguzwa, na lisichemke kwa nguvu maana linakatika. Ukitia tui, punguza mafuta ya kukaangia, yote mawili pamoja yanakinaisha.

---

Mkanda_Unga

Nyongeza kwa anayechukia tambi laini na anataka zinazodunda, zile za supu za Kichina na Kijapani. Siri yao ni unga kukutana na magadi. Watu wetu wanaijua magadi kwenye maharage na kisamvu, kazi yake kwenye tambi ni kinyume: huko inalainisha, huku inakaza donge, inalipa rangi ya manjano hata bila yai, na tambi zinavumilia supu ya moto muda mrefu zaidi kabla ya kulegea.

Magadi ghafi ya mawe siyashauri kwa hili. Yana uchafu, nguvu yake haipimiki, na yale ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Chukua bikaboneti ya soda ya kuokea keki, tandaza kwenye trei juu ya karatasi ya kuokea, oveni nyuzi 120 za Selsiasi, saa moja. Hewa na mvuke vinatoka, uzito unapungua kama theluthi, na kinachobaki ni kali kuliko ulichoanza nacho. Usikishike kwa mkono mtupu, kinawasha. Kwa unga gramu 300 pima gramu 3, yeyusha kwenye maji mililita 125, tumia maji hayo badala ya mayai. Donge litakuwa gumu sana, lifunge kwenye mfuko wa nailoni ulikande kwa uzito wa mwili, pumzisha saa nzima, rudia. Gramu zikizidi utasikia ladha ya sabuni, kwa hiyo bila mizani usijaribu.

---

TambiZaNyumbani

Mkanda_Unga amesema kweli, ila kwa mara ya kwanza anza na za mayai. Donge la magadi kwa mti wa chapati ni kazi ya misuli.

---

Friji_Safi

Jambo moja halijaguswa na ndilo linalolaza watu kitandani. Sufuria ya lita 3 za supu ya moto ukiiingiza friji nzima nzima, katikati itabaki vuguvugu saa nyingi sana. Kuna bakteria, Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemshwa, na anazaliana haraka kwenye nyama na mchuzi unaopoa taratibu. Mafundisho ya usalama wa chakula Marekani yanataka chakula kisikae kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo ukishachuja, ziba sinki, jaza maji ya baridi na barafu, ikalishe sufuria humo na koroga kila baada ya dakika chache. Ikishuka na kuwa vuguvugu, gawa kwenye vyombo vya kina kifupi, sentimita 5 hivi, ndipo friji.

Hesabu ya siku: kiporo cha bata mzinga kinakaa friji siku 3 hadi 4. Nyama yako inahesabiwa tangu Alhamisi ilipookwa, siyo tangu ulipopika supu, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu. Kisichoisha kigandishe leo, usingoje Jumatatu jioni.

Kwenye friza weka supu na nyama pamoja, nyama ikiwa imezama, haikauki. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo kwa sababu supu inatanuka ikiganda, na chombo cha kioo kilichojaa hadi mdomoni kinapasuka. Ndani ya miezi 2 hadi 6 ladha bado ni nzuri. Tambi zilizopikwa usizigandishe ndani ya supu, zinatoka kama uji. Zigandishe mbichi: trei iliyonyunyizwa unga, saa moja, kisha mfuko. Siku ya kula zitoke friza moja kwa moja ziingie maji yanayotokota, bila kuyeyushwa kwanza, na uongeze dakika moja kwenye muda wake.

---

Chungu_Cheusi

Nimeelewa. Nimeongeza nusu lita ya maji, chumvi imekaa. Donge limepumzika, nasukuma la pili sasa na kivuli cha vidole kinaonekana. Swali la mwisho: tambi zilizopikwa zikibaki, zikae friji zenyewe?

---

TambiZaNyumbani

Ndiyo, zenyewe, kwenye chombo chenye mfuniko, na yale mafuta kidogo zisishikane. Siku mbili. Kesho usizichemshe upya, zimeshaiva. Weka kiasi chako kwenye bakuli, chemsha supu itokote kabisa, imimine juu yake.